Nani Hupokewa Stendi ya Ilula?



Kila mwaka, mvua zikiisha na barabara za vijijini zikikauka, ukanda wetu wa Ilula huanza kupokea wageni wa kazi. Wapo wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaokuja kujifunza na kusaidia hospitalini, wapo walimu, wapo mafundi wa visima, wapo vijana wanaokuja kujenga darasa kwa majuma matatu kisha kurejea makwao. Ndugu zetu wa KKKT Dayosisi ya Iringa wana uhusiano na Walutheri wa Minnesota, Marekani, ulioanza mwaka 1987 na unaojulikana kwa jina la Bega kwa Bega. Nasi Wakatoliki tuna marafiki zetu, hasa wa Italia, tangu enzi za Wamisionari wa Konsolata pale Tosamaganga. Hatuandiki ili kuwalaumu wageni hao. Twaandika juu ya safari: mgeni anavyofika, anavyotembea akiwa kwetu, na anavyorudi. Katika mambo hayo yanayoonekana madogo, ya tiketi, gari na mafuta, mna haki au mna dhuluma, na aghalabu sisi wenyeji hatuyatazami.

Tuanze na maandalizi. Miezi kadhaa kabla mgeni hajaondoka kwake, barua na simu huanza kupita. Tiketi yake ya ndege ni ya kwenda na kurudi. Ana bima. Amechanjwa. Nakala ya pasipoti yake imetangulia kufika ofisini, na wale waliozoea kupokea wageni wanajua ya kuwa mtu anayekuja kujitolea kwa muda mrefu anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, na wanaokuja kwa muda mfupi wana taratibu zao katika Idara ya Uhamiaji. Si halali kumwingiza mtu kwa viza ya utalii kisha kumkabidhi wodi au darasa. Yupo mtu wa kumpokea uwanja wa ndege, yupo wa kumpokea Ilula, na majina ya wote wawili na namba zao za simu ameyaandika katika karatasi aliyoitia mfukoni. Siku ya kuondoka inajulikana kabla ya siku ya kufika. Haya yote ni mema. Ndivyo mtu anavyopaswa kusafiri aendapo kufanya kazi ugenini, na tunaomba msomaji ayaweke moyoni kwa sababu tutayarudia.

Sasa njia yenyewe. Kutoka Dar es Salaam hadi Ilula ni karibu kilomita 450 kwa barabara kuu iendayo Zambia. Wageni wengine hutazama ramani, wakaiona reli ya TAZARA, wakadhani itawafikisha. Reli hiyo hupita mbali nasi, kwa Mlimba hadi Makambako na Mbeya. Reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, humfikisha mtu Morogoro upesi na kwa raha, lakini kutoka hapo hadi Iringa bado kuna takriban kilomita 300 za lami. Kwa hiyo mgeni hutegemea basi au gari dogo. Mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea huondoka alfajiri katika Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichochukua nafasi ya Ubungo mwaka 2021. Hupita Chalinze na Morogoro, hukata Hifadhi ya Mikumi ambamo mwendo ni wa kupunguzwa kwa ajili ya wanyama, hushuka Ruaha Mbuyuni, kisha huukabili Mlima Kitonga. Anayeifahamu Kitonga hahitaji kuelezwa. Lori moja likiharibika katika kona zile, foleni husimama juu na chini, na mgeni aliyetarajiwa saa tisa alasiri hufika usiku. Aliyepangiwa safari na watu wanaoijua barabara hupewa siku moja nzima ya kusafiri na haahidiwi kazi jioni ya siku hiyo.

Maoni yetu ni kwamba mgeni mwenye afya apande basi. Tunasema hivi tukijua kuwa parokia na taasisi nyingi huona ni fedheha kutompelekea gari hadi Dar es Salaam. Basi tuhesabu. Kwenda na kurudi ni kilomita zisizopungua 900. Gari kubwa la aina ya Land Cruiser litakunywa dizeli lita mia moja au zaidi. Dereva atalala njiani au, jambo la hatari, hatalala. Kwa siku mbili au tatu gari halipo. Na gari hilo katika parokia ya kijijini si gari la paroko peke yake, hata kama ni yeye anayetunza ufunguo: ndilo hubeba saruji ya kanisa la kigango, ndilo hubeba maiti, ndilo huitwa usiku mtoto anapopatwa na degedege. Mgeni mmoja aliyeketi dirishani katika basi, akanunua machungwa Morogoro na vitunguu Ruaha Mbuyuni, atakuwa ameijua Tanzania kwa siku moja kuliko atakavyoijua kwa mwezi mzima nyuma ya vioo vilivyofungwa. Akishuka stendi yetu, katikati ya matenga ya nyanya, atakutana na watu wakimwambia "Kamwene," naye atalazimika kujifunza namna ya kuitikia. Huo ni mwanzo mwema wa kazi.

Kuhusu kutembea akiwa hapa, jambo ni gumu zaidi. Hospitali, shule na soko la Ilula vinafikika kwa miguu, na twasifu wageni wanaotembea. Lakini vijiji vyetu vimetawanyika milimani, na chombo cha huko ni pikipiki. Mashirika mengi yanayowatuma vijana ng'ambo huwakataza kabisa kupanda bodaboda, na bima nyingine hazimlipi aliyeumia juu yake. Katazo hilo hatulipingi. Tumewazika vijana wetu wa bodaboda, tumewaona wengine wakikatwa miguu. Ila katazo hilo linatuuliza swali ambalo tungependa kila halmashauri ya walei ilijadili kwa uaminifu. Ikiwa pikipiki haifai kumbeba mwanafunzi wa udaktari mwenye umri wa miaka 24, mzima wa afya, mchana, wakati wa kiangazi, yafaaje kumbeba mama mwenye uchungu usiku wa Februari katika utelezi? Mgeni akikataliwa pikipiki, gari hutafutwa. Mama akikosa pikipiki, husubiri.

Tunaijua hadithi ya Msamaria mwema. Tumeihubiri mara nyingi kama habari ya huruma. Ni habari ya usafiri pia. Mtu yule alikuwa safarini kwa shughuli zake, tena ugenini, na alikuwa na mnyama mmoja. Luka anasema alimpandisha majeruhi juu ya mnyama huyo. Hasemi yeye mwenyewe alisafiri vipi kuanzia hapo, nasi twaelewa kuwa alitembea kwa miguu. Chombo kilikuwa chake, alikinunua, alikuwa na haki ya kukikalia. Alishuka kwa sababu mwingine alikihitaji zaidi. Kanuni hiyo, ya kutazama nani anakihitaji chombo zaidi na si nani mwenye cheo zaidi, ndiyo tunayopendekeza iongoze kila gari la Kanisa katika ukanda huu. Kwa maneno ya kawaida: gari lenye machela lisitoke kwenda Hifadhi ya Ruaha mwishoni mwa juma, hata mgeni akijitolea kulipa. Atakodi gari Iringa mjini, yapo. Na gari la parokia likimbeba mgeni kwa shughuli zake binafsi, alipe kwa kilomita, iandikwe daftarini, na dereva apewe posho yake siku hiyohiyo bila kusubiri ukarimu wa mgeni. Kumwachia dereva ategemee bakshishi ni kumfanya ombaomba mbele ya watu aliowahudumia.

Kuna watakaosema kwamba heshima kwa mgeni ni mila yetu. Ni kweli, na hatutaki ipotee. Hata hivyo historia ya njia hii inatufundisha kupambanua heshima na unyonge. Ukiendelea kutoka Ilula kuelekea Iringa mjini, kando ya barabara pana Lugalo, mahali ambapo Agosti 1891 majeshi ya Mkwawa yaliushambulia msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Zelewski. Watu hukumbuka askari na bunduki. Wachache hukumbuka kwamba msafara ule, kama misafara yote ya siku zile, ulitembea juu ya mabega ya wapagazi. Mgeni hakuweza kusogea hata hatua moja bila Mwafrika wa kumbebea sanduku, kitanda na maji. Mazoea ya kwamba wenyeji ndio wabebaji na wageni ndio wabebwaji hayakuzaliwa na ukarimu wa babu zetu. Basi tunapomwona kijana mgeni akishuka katika basi akiwa na mkoba wake mgongoni, na mzee wa kanisa akimkimbilia kuunyakua, hatuna hakika kama tunachokiona ni mila au ni mazoea yale ya zamani.

Lakini si hayo yaliyotufanya tuandike. Barabara ile ile ina pande mbili. Upande wa kuja, tumesema, unapangwa miezi kadhaa. Tutazame upande wa kuondoka.

Katika stendi ileile, na pengine kwa basi lililomleta mgeni linapogeuza, huondoka mabinti zetu. Kila Mtanzania anajua kwamba nyumba nyingi za Dar es Salaam hupikiwa na kufuliwa na wasichana kutoka Iringa. Imekuwa mazoea hata watu wa mjini huagiza "msichana wa Iringa" kama waagizavyo gunia la viazi. Wao nao ni wageni wa kazi. Wao nao wanakwenda ugenini, mahali ambapo hawajui mtaa wala mtu. Tulinganishe maandalizi. Nauli ya kwenda imelipwa na mwajiri au dalali, na mara nyingi itakatwa katika mshahara. Nauli ya kurudi haipo. Jina la anayempokea ni "shangazi" au "dada mmoja". Anwani hakuna. Simu ni ya dalali. Kitambulisho hana, na akiwa nacho atashikiwa. Tangu mwaka 2023, serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya katazo lililodumu tangu miaka ya 1990, wengine hupakiwa usiku na kushushwa Mbezi kabla ya mapambazuko, wakisubiri mtu wasiyemjua sura. Nani kati ya wazazi wa wageni wetu angekubali mwanawe asafiri hivyo? Nasi tunawasindikiza mabinti hao hadi stendi, tukiwaombea.

Hatusemi wasiende. Umaskini wa vijiji vyetu twaujua, na bei ya nyanya tunaijua, jinsi mwezi mmoja tenga ni mali na mwezi unaofuata nyanya zinamwagwa shambani. Binti anayetuma fedha za kumsomesha mdogo wake anafanya kazi ya heshima. Tunasema asafiri kama msafiri wa kazi.

Na sheria ipo upande wake, ingawa ni wachache waliomweleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 43, inaeleza kwamba mfanyakazi aliyeajiriwa kutoka mahali pengine, mkataba wake unapokoma, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi mahali alipochukuliwa, au kumlipia usafiri huo, au kumpa posho ya usafiri. Na kama kuna siku za kusubiri kati ya kuachishwa na kusafirishwa, amgharimie kujikimu. Sheria haisemi kwamba mfanyakazi wa ndani hahusiki. Binti anayefukuzwa usiku kule Tabata au Mbagala, akaanza kuombaomba nauli ya Iringa, haombi sadaka; anadai deni. Sheria hiyohiyo inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa yule anayekusanya watoto vijijini kwa ahadi za uongo na kuwagawa mijini. Dalali anayepita katika jumuiya zetu akiuliza nyumba zenye mabinti hatakiwi kuonekana kama mfadhili.

Wapo pia wanaovuka bahari. Nafasi za kazi za nyumbani Oman na nchi nyingine za Ghuba zinavuma hata huku, nazo zina mshahara unaovutia. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa ndefu juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufungiwa ndani, kufanyishwa kazi saa nyingi bila siku ya mapumziko, na wengine kuambiwa warudishe gharama za kuletwa kabla ya kuruhusiwa kuondoka. Chini ya mfumo uitwao kafala, kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Akitoroka nyumba ile, yeye ndiye mkosaji. Si kila nyumba ni hivyo, na wapo waliorudi na fedha za kujenga. Lakini hebu tazameni tofauti: mgeni wetu wa Ilula huitunza pasipoti yake mwenyewe na tiketi yake ya kurudi, yeyote kati yetu akijaribu kumnyang'anya, ubalozi wake utapiga simu kabla jua halijazama. Binti yetu naye ana ubalozi, Muscat, na kuna taratibu za kupitia mawakala waliosajiliwa. Anayeondoka kwa njia ya panya hafahamiki na yeyote kati yao.

Tufanye nini? Tunayopendekeza hayahitaji mfadhili. Kila parokia ina daftari la wageni, lenye safu za jina, nchi, siku ya kuja na siku ya kuondoka. Iwe na daftari la pili, la wanaokwenda kazini nje ya kijiji, wawe wanakwenda Dar es Salaam au Muscat. Binti na mzazi wake wafike ofisini au kwa mwenyekiti wa jumuiya kabla ya safari. Liandikwe jina la mwajiri, mtaa anaoishi, simu yake na si ya dalali tu, mshahara waliokubaliana, na nani atalipa nauli ya kurudi. Nakala ya kitambulisho ibaki. Namba ya simu ya mtu mmoja wa parokia aikariri kichwani, kwa sababu simu ya mkononi ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa. Parokia za Dar es Salaam zina waamini wengi wenye asili ya huku. Ombi la kwamba mama mmoja mwenye kitambulisho cha jumuiya ampokee binti pale Mbezi na amjulie hali baada ya mwezi si kubwa. Tunafanya hivyo kwa mwanafunzi wa Minnesota au Torino bila kulalamika. Mwajiri asiyetaka kutaja mtaa wake amekwisha kujieleza, na huyo tusimpe mtu.

Kuhusu mama wajawazito, tuliowataja juu, viongozi wa jumuiya wahakikishe kila nyumba inajua namba 115, ambayo hupigwa bila malipo chini ya mpango wa m-mama, kwa ajili ya kutafutiwa usafiri wa dharura mama au mtoto mchanga. Mpango huo hutumia hata madereva wa kawaida wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana. Wenye magari katika parokia zetu waulizie namna ya kujiandikisha. Inashangaza kuona magari manne mbele ya kanisa Jumapili, na Jumatatu usiku hakuna hata moja linalopatikana.

Swali la mwisho ni la fedha, na tumeulizwa mara nyingi: binti akipiga simu usiku kwamba amefukuzwa, nauli itatoka wapi wakati mwajiri bado anabishana na sheria? Jibu letu ni kwamba fedha hizo zipo, zinapita mikononi mwetu kila kiangazi. Malipo ya kilomita ya wageni wanaotumia gari la parokia, tukishatoa mafuta, matengenezo na posho ya dereva, yawekwe katika mfuko wa nauli ya kurudi. Wageni wakielezwa shabaha yake, tuna hakika watalipa kwa moyo, na wengine wataongeza. Mfuko ushikwe na mweka hazina wa halmashauri ya walei pamoja na mjumbe mmoja wa WAWATA, si katika ofisi ya paroko, na kiasi chake kisipungue nauli tatu za basi kutoka Dar es Salaam. Asitakiwe binti kueleza kwanza alikosa nini huko. Atumiwe nauli, apande basi la mchana, na mtu wa jumuiya yake awepo stendi basi litakaposimama.